Kupanga pazo ya vipande 1000 na kuipima ubora wake

Pazo, ile picha iliyokatwa vipande ili mtu airudishe kuwa nzima, mara nyingi hununuliwa kwa sababu ya picha iliyo juu ya boksi. Mtu anaona mji wa kale au gari moshi la zamani, anapenda, analipa. Ubora wenyewe haupo juu ya boksi. Upo kwenye mkato na mkao: kipande kikiingia mahali pake, vidole vinatakiwa kujua kabla ya macho. Pazo nzuri inakwambia ukweli kila unapounganisha vipande viwili. Pazo mbaya inakuacha na mashaka mpaka siku ya mwisho. Ndiyo maana hapa kupanga na kupima vinakwenda pamoja. Huwezi kuihukumu pazo ambayo hujaipanga, na ukijua cha kuangalia, hata upangaji wako unakuwa mzuri zaidi.

Ninazungumzia hasa pazo ya kadibodi ya vipande 1000, ambayo ikikamilika huwa na sentimita 70 kwa 50, au 68 kwa 48. Ndicho kipimo kilichozoeleka kwa watengenezaji wengi wakubwa: Ravensburger wa Ujerumani, Clementoni wa Italia, Educa wa Hispania, Trefl wa Poland. Kama hujawahi kupanga kabisa, anza na 500. Kwa kampuni hizo vipande vina ukubwa karibu uleule, kinachopungua ni idadi tu.

Kabla hujalipa

Soma vipimo vya picha iliyokamilika, vimeandikwa ubavuni mwa boksi au chini yake. Zidisha urefu kwa upana, halafu gawanya kwa idadi ya vipande. Sentimita 70 kwa 50 ni sentimita za mraba 3,500, kwa hiyo kila kipande kinapata kama 3.5. Hicho ni kipande kinachoshikika vizuri. Sasa chukua zile pazo za bei poa zinazouzwa mtandaoni, vipande 1000 kwenye picha ya sentimita 42 kwa 30. Kila kipande kinabaki na 1.26 tu. Kwenye tangazo haionekani tofauti, lakini mezani utateseka: macho yanachoka, ndimi (zile sehemu zinazochomoza na kuingia kwenye tundu la kipande jirani) ni nyembamba, na vipande vinafanana mno. Hesabu hiyo ya nusu dakika imenisaidia kuliko ushauri wowote wa muuzaji.

Kisha itazame picha kwa jicho la mtu atakayeikatakata. Panapo mistari, maandishi, nakshi na rangi zinazobadilika, kila kipande kina habari yake. Anga tupu, bahari tulivu, theluji na usiku mweusi ni maeneo ambayo vipande vyake havisemi kitu. Robo ya picha ikiwa anga, hilo ni zoezi zuri kwa mzoefu. Kwa anayeanza linaweza kumfanya aiache njiani.

Ramani ni chaguo bora kwa mwanzo, na mchezo wenyewe ulianzia huko. London, miaka ya 1760, mchonga ramani John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao mwembamba akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa mikono. Vipande vya zama zile kwa kawaida havikung'ang'aniana. Ukiigusa meza, nchi zinahama. Ndimi za kufungana zilikuja kusambaa baadaye, na kadibodi inayokatwa kwa mashine ndiyo iliyoushusha mchezo hadi kwa watu wa kipato cha chini, hasa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ambapo pazo mpya ziliuzwa kila wiki kwenye vibanda vya magazeti.

Jambo jingine la siku hizi ni picha zilizotengenezwa na akili mnemba. Ikazie macho: maandishi ya kwenye mabango yasiyosomeka, madirisha yasiyolingana, vidole vya watu vilivyoungana. Kwangu hilo linatosha kuirudisha pazo kwenye rafu. Katika kupanga unakaa saa nyingi ukiangalia sehemu ndogondogo za picha, na pale ambapo mchoraji angeweka kitu cha kuvumbua, hapo pana ukungu tu.

Kuandaa mahali

Usipange moja kwa moja juu ya meza ya chakula. Tafuta ubao wa hadibodi au plaiwudi nyembamba, sentimita 60 kwa 80 hivi, upange juu yake. Chakula kikiiva, unabeba ubao na kuuweka juu ya kabati au chini ya kitanda. Feni ya darini isielekee hapo. Vipande haviruki, lakini vilivyosimama ukingoni mwa ubao huanguka.

Mwanga utoke ubavuni. Taa ikiwa juu ya kichwa, kadibodi inayong'aa inarudisha mwanga machoni na rangi zote zinageuka nyeupe. Baadhi ya watengenezaji hutia mparuzo kama wa kitambaa cha kitani kwenye uso wa picha ili kupunguza mng'ao huo. Ukipitisha kidole unausikia. Ni kitu kidogo, lakini baada ya saa mbili za kuinama utakishukuru.

Andaa pia masinia au mifuniko ya maboksi, sita au zaidi, ya kuwekea vipande vilivyochambuliwa.

Kufungua na kupima mara ya kwanza

Mimina vipande ndani ya chekeche au kolanda la kuchujia tambi, tikisa polepole juu ya karatasi. Kinachodondoka ni vumbi la kadibodi. Vipande hukatwa kwa mashinikizo yenye visu vya chuma vilivyokunjwa kufuata umbo la kila ulimi. Visu vikiwa vikali, kadibodi inakatika safi. Vikiwa vimechoka, vinachana badala ya kukata, na nyuzinyuzi ndizo hilo vumbi. Vumbi kidogo ni kawaida hata kwa kampuni nzuri. Likijaa kijiko, jua visu vilipaswa kubadilishwa zamani. Kulitoa mapema kuna faida nyingine, kwamba haliingii katikati ya maungio wakati wa kupanga.

Sasa chukua vipande ishirini hivi bila kuchagua. Angalia unene: pazo nzuri nyingi huwa na karibu milimita 2. Pinda kipande taratibu. Kinatakiwa kikatae, kisiwe laini kama kadi ya mwaliko. Tazama ncha za ndimi, hasa pale karatasi ya picha inapokutana na kadibodi. Kama karatasi imeanza kubanduka kabla hujaunganisha chochote, itaisha yote kabla ya mara ya tatu. Geuza nyuma. Mkato uliofika chini vizuri una ukingo ulionyooka, na mkato hafifu huacha vipande viwili vimeshikana kwa uzi wa karatasi. Hivyo usivivute, vitenganishe kwa wembe au kwa kukunja kurudi nyuma.

Halafu linganisha rangi na za kwenye boksi. Zikitofautiana sana, hilo ni kosa la kweli, kwa sababu boksi ndilo ramani yako.

Kuchambua

Hatua hii watu huikimbia, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Chambua pazo kama unavyochambua mchele, kwa subira na kwa mkono mmoja usioharakisha mwingine. Geuza kila kipande kitazame juu. Wakati huohuo tenga vile vyenye upande ulionyooka, hivyo ni vya ukingoni. Vilivyobaki vigawe kwa rangi na aina ya mchoro: paa, majani, maji, maandishi, nguo. Usitafute makundi mengi mno. Sita au saba yanatosha.

Vya ukingoni vihesabu. Pazo inayoitwa ya vipande 1000 mara nyingi si 1000 kamili. Mpangilio uliozoeleka ni safu 38 kwa 27, jumla 1026. Nyingine ni 40 kwa 25, ambayo ndiyo 1000 hasa. Mipangilio yote miwili ina vipande 126 vya ukingoni, pamoja na kona nne. Ukipata 124, bado viwili vimejificha kwenye makundi mengine, vitafute sasa. Pazo ya 500 mara nyingi ni 27 kwa 19, yaani 513, na ukingo wake ni vipande 88.

Hapo ndipo wanunuzi wa pazo zilizokwishatumika wanapodanganyika, iwe kwenye maduka ya hisani ya Uingereza na Marekani au kwa rafiki anayehama nyumba. Mtu anahesabu vipande, anapata 1000, anafurahi. Kama pazo ilikuwa ya 1026, amepungukiwa na 26. Hesabu peke yake haitoshi mpaka ujue mpangilio, na mpangilio utaujua fremu ikishafungwa.

Fremu

Anza na kona, nenda upande kwa upande ukifuata boksi. Ukingoni ndiko vipande hudanganya zaidi, maana kila kimoja kinashikwa na majirani wachache kuliko wa katikati. Kiungo kikikutia shaka, acha nafasi uendelee. Kulazimisha kipande kimoja hapa kunakuja kukusumbua baada ya siku mbili, pande zikikataa kukutana.

Fremu ikifungwa, hesabu vipande vya upande mrefu na vya upande unaoutazama. Lazima vilingane. Vikipishana hata kwa kimoja, kuna mahali umekosea, na kuendelea ndani ni kupoteza muda. Vikilingana, zidisha mrefu kwa mfupi: hiyo ndiyo idadi halisi ya pazo yako. Iandike kwa penseli ndani ya mfuniko wa boksi.

Ndani ya picha

Nenda kwenye kitu kilicho wazi kuliko vyote, kiunge kikiwa nje ya fremu, kisha ukiingize kikiwa kizima kwa kukitelezesha juu ya karatasi ngumu. Maandishi kwanza, kisha nyuso, majengo, mipaka ya rangi mbili. Hakuna sababu ya kwenda kwa mpangilio wa kutoka chini kwenda juu. Kila eneo linalokamilika linapunguza lundo, na lundo likipungua kila utafutaji unakuwa mfupi. Ndiyo maana vipande mia mbili vya mwisho hukimbia.

Kisha kuna anga.

Rangi ikishakosa msaada, hamia kwenye umbo. Kipande cha kawaida kina pande nne, na kila upande una ulimi au tundu. Kwa hiyo kuna aina sita tu: kisicho na ulimi, chenye ulimi mmoja, chenye ndimi mbili zinazotazamana, chenye ndimi mbili zilizo jirani, chenye ndimi tatu, na chenye nne. Zipange aina hizo kwa mistari juu ya sinia, vipande vyote vikiwa vimeelekea upande mmoja. Sasa tazama pengo unalotaka kuliziba. Likiwa limezungukwa na majirani watatu, tayari unajua pande tatu za kipande unachokitafuta, na badala ya kujaribu vipande 80 unajaribu labda kumi na tano.

Jaribu kwa utaratibu. Anza kushoto mwa mstari, nenda kulia, kilichokataa kirudi palepale. Anayeokota huku na kule hujaribu kipande kilekile mara nne bila kujua. Chagua mapengo yenye majirani watatu au wanne kwanza, uyaache yenye mmoja. Angalia pia tofauti ndogo: ulimi mnene au mwembamba, uliopinda kidogo kushoto, bega moja lililo juu kuliko jingine. Ravensburger wanasema umbo la vipande vyao huchorwa kwa mkono, na ukikaa na anga yao unaelewa faida yake, kwani hata bila rangi vipande vina sura. Kwenye pazo ambayo ndimi zote ni sawa, hatua hii inageuka mateso, na kosa ni la pazo.

Wenye mbio hutumia njia hizihizi. Mashindano ya dunia yalianza Valladolid, Hispania, mwaka 2019. Mshindani mmoja mmoja hupewa pazo ya vipande 500 yenye picha ambayo hajawahi kuiona, na wakali huimaliza chini ya saa moja. Mimi naipenda pazo ya taratibu, ila ukiwatazama unajifunza jambo: mikono yao haikisii, inafuata kundi hadi kundi.

Kujua kama kipande kimekaa kweli

Kuna kukaa kwa uongo, pale kipande kinapoingia vizuri mahali ambapo si pake. Hivi ndivyo ninavyokagua.

Pitisha ncha ya kidole juu ya kiungo ukiwa umefumba macho. Kiungo cha kweli ni mstari mwembamba tu. Cha uongo kina kingazi, upande mmoja uko juu kidogo.

Tazama mahali pembe nne za vipande zinapokutana. Kwenye pazo iliyokatwa kwa safu, pembe hizo hukutana katika nukta moja au karibu sana nayo. Ukiona mwanya wa pembetatu, mmoja kati ya wale wanne ni mgeni.

Njia ya tatu ni nyuma. Inua eneo lililoungana, ligeuze, au liinue mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya kwenye kiungo kimoja huku vingine vimeziba, umempata.

Pazo ikikulazimisha kufanya ukaguzi huu mara mbili tatu, hakuna neno. Ikiwa kila nusu saa unarudi kukagua, andika hilo kwenye hukumu yako, maana ni dosari kubwa kuliko vumbi na kuliko rangi.

Hukumu

Pazo ikikamilika, kabla hujaibomoa, ifanyie jaribio la kuinua. Shika safu ya vipande kumi vilivyoungana kwa ncha moja, uinue. Mkao mzuri unaibeba safu nzima ikining'inia. Ikimwagika yote, mkao ni legevu, na pazo kama hiyo hata kuisogeza mezani ni shida. Kinyume chake pia ni kosa: kama unatumia nguvu kubandua kipande na karatasi inainuka nayo, mkato umebana mno.

Uzito ninaoutoa hauko sawa kwa mambo yote. Mkao huja kwanza, kisha utofauti wa maumbo, kisha ukali wa chapa ya picha. Unene huja baadaye kuliko watu wanavyodhani. Nimeshika pazo nene zenye mkao wa hovyo, na nyembamba zinazong'ang'aniana vizuri sana. Kipande kimoja kukosekana kwenye pazo mpya ni kosa la kufungasha. Inauma, lakini hakionyeshi ubora wa pazo nyingine za kampuni hiyo kama mkato unavyoonyesha.

Pazo za mkato wa vurugu, ambazo hazifuati safu, zipimwe kwa mizani yake. Cobble Hill wa Kanada hukata hivyo. Kule pembe nne hazikutani, wala hesabu ya aina sita haifanyi kazi, lakini kila kipande kina sura isiyosahaulika na kukaa kwa uongo ni nadra. Baada ya kuzizoea, safu za kawaida huonekana kavu kidogo. Za mbao ni dunia nyingine. Huko Marekani, Liberty wa Colorado hukata kwa leza, Stave wa Vermont hukata kwa msumeno kwa mkono, na katikati ya vipande huwekwa vyenye umbo la mtu, ndege au mnyama. Bei zake ni za kuweka akiba.

Kipande kikipotea

Usianze kumlaumu mtengenezaji. Kung'uta nguo na soksi, inua ubao, chungulia kwenye mikunjo ya boksi na mfuko uliokuja ndani yake, tazama chini ya kochi. Vipande hunata kwenye viwiko vyenye jasho vikaenda hadi chumba kingine. Ukikosa kabisa, piga picha ya pengo, tafuta namba ya bidhaa kwenye boksi, uwaandikie. Baadhi ya kampuni zina huduma ya kutuma kipande. Nyingine hazina, au toleo hilo halipo tena, na visu vikibadilishwa kipande kipya hakitaingia kwenye pazo ya zamani.

Kutunza

Kama unataka kuitundika ukutani, weka karatasi ya plastiki chini ya pazo, mwaga gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji kidogo, isambaze kwa kipande cha kadibodi kutoka katikati kwenda pembeni, iache ikauke usiku kucha. Gundi hiyo hukauka ikawa angavu. Usiimwage kwa wingi, maji yakizidi kadibodi inajikunja. Binafsi ni chache ninazozigundisha. Pazo yenye mkao mzuri inastahili kupangwa tena.

Ukiibomoa, usiifinye kwa viganja ivunjike ovyo, hapo ndipo ndimi huraruka. Itenge safu kwa safu, kisha kipande kwa kipande, uhifadhi vipande vya ukingoni kwenye mfuko wao. Kwa sisi wa pwani unyevu ni adui wa kweli. Kadibodi hunywa hewa ya masika, hufura, na vipande vilivyoingia vizuri Januari hubana Aprili. Mfuko wa plastiki wenye zipu, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinatosha. Boksi lilale, lisisimame, na lisigusane na ukuta wa nje.

Ndani ya mfuniko, chini ya ile hesabu ya penseli, ongeza tarehe na hali yake: vipande 1026, vyote vipo, mkao mzuri, ulimi mmoja umebanduka upande wa paa. Ukimpa mtu mwingine, atajua anachopokea.